Samaki aliyesubiri jina kwa miaka 68

Nyuma ya nyumba yangu pana pipa la maji ya mvua, na ndani yake nafuga samaki wadogo wasiofikia urefu wa kidole changu cha mwisho. Kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Juzi mtoto wa jirani alichungulia humo akapiga ukelele: "Ami, njoo uone, huyu samaki anazaa!" Kweli, jike mmoja alikuwa akitoa watoto mmoja mmoja, na kila aliyetoka alianza kuogelea papo hapo. Mtoto akaniuliza maswali mawili. Mbona hatagi mayai kama samaki wengine? Na anaitwaje?

Nikamwambia anaitwa guppy. Akauliza tena, kama wafanyavyo watoto: "Na nani alimpa hilo jina?"

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Sisi Wapwani tuna majina ya samaki wengi: changu, tafi, kolekole, pono, chewa, nguru. Majina haya tumeyarithi kwa wazee. Lakini jina la kisayansi halirithiwi. Mtu fulani huliandika mwaka fulani, kwa kanuni zinazojulikana, na kabla halijaandikwa samaki yule hahesabiki mahali popote rasmi. Mfano mzuri wa jambo hili ninaoujua ni wa binamu wa huyu guppy wangu, samaki wa Venezuela aliyeonekana mwaka 1937 na asipewe jina hadi mwaka 2005.

Samaki wanaozaa

Kwanza tulimalize swali la mtoto. Mvuvi yeyote wa huku aliyepasua papa au taa wengi amewahi kukuta watoto tumboni, kwa hiyo habari ya samaki anayezaa si ngeni kwetu. Ajabu ya guppy ni kwamba yeye ni wa maji baridi, ni mdogo mno, na huzaa mara kwa mara.

Guppy na jamaa zake wako katika familia iitwayo Poeciliidae, ambayo samaki wake wanaozaa asili yao ni mabara ya Amerika. Dume lake lina pezi moja la chini, nyuma ya tumbo, lililogeuka kuwa kama kijiti chembamba. Vijiti vya tatu, vya nne na vya tano vinavyoshikilia pezi hilo hurefuka dume linapokomaa, na pezi zima huitwa gonopodio. Kwa kiungo hicho dume huingiza mbegu ndani ya mwili wa jike. Mayai hukua humo humo, na baada ya kama wiki tatu au nne jike huzaa. Anaweza pia kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, akazaa tena na tena bila kukutana na dume mwingine. Ndiyo maana jike mmoja tu akitiwa katika pipa anaweza kulijaza.

Gonopodio ina umuhimu mwingine. Umbo la ncha yake, vikulabu vyake na vijino vyake hutofautiana baina ya spishi na spishi. Mtaalamu anayetaka kujua samaki huyu ni nani huanza kwa kukitazama kiungo hicho kwa hadubini.

Samaki mmoja, majina matatu

Kisa cha jina la guppy mwenyewe kinaonyesha kwa nini kanuni zinahitajika. Mwaka 1859 mtaalamu wa Kijerumani Wilhelm Peters aliandika habari za samaki kutoka Venezuela akamwita Poecilia reticulata. Mwaka 1861 Mwitaliano Filippo De Filippi akapata samaki wa namna hiyo hiyo kutoka Barbados akamwita Lebistes poecilioides. Mwaka 1866 Albert Günther wa Uingereza akapokea samaki kutoka Trinidad waliotumwa na Robert John Lechmere Guppy, akawaita Girardinus guppii kwa heshima ya aliyewatuma.

Watu watatu, majina matatu, samaki mmoja. Wanasayansi walipogundua hivyo, kanuni iliyotumika ni rahisi: aliyetangulia ndiye mwenye haki. Jina la Peters likabaki, hayo mengine yakawekwa kando. Lakini midomo ya watu haifuati kanuni. Jina la Bwana Guppy lilishindwa vitabuni likashinda mitaani, na hadi leo ndilo tunalolitumia.

Ziwa dogo kando ya mji wa Cumaná

Sasa tuje kwa binamu yake. Cumaná ni mji wa pwani kaskazini-mashariki mwa Venezuela, katika jimbo la Sucre. Kando yake kuna ziwa dogo liitwalo Laguna de los Patos, yaani ziwa la mabata, lililotenganishwa na bahari kwa kipande chembamba cha ardhi. Maji yake ni ya moto na ya kijani kwa sababu ya mwani. Mwaka 1937 Franklyn Bond alikusanya humo samaki wadogo wenye rangi kali. Sampuli zikahifadhiwa, na habari ikaishia hapo.

Mwaka 1975 mtafiti John Endler alifika ziwani humo akawakuta samaki wale wale. Endler ndiye ambaye baadaye alipata sifa kwa utafiti wake wa guppy katika mito ya Trinidad, uliochapishwa mwaka 1980. Utafiti huo ulionyesha kwamba palipo na samaki wala wenzao wengi, madume ya guppy huwa na rangi hafifu vizazi vikipita, na pasipo na adui rangi huzidi.

Samaki wa Cumaná walikuwa wamepita kiasi kwa rangi. Dume, mwenye urefu wa kama sentimita mbili na kidogo tu, ana mabaka meusi, ya machungwa na ya kijani king'aacho kama bati jipya juani. Jike ni mkubwa zaidi, naye hana mapambo. Sampuli zilimfikia Donn Rosen wa jumba la makumbusho la historia asilia la New York, bingwa wa familia hii ya samaki, lakini Rosen alifariki mwaka 1986 na samaki bado hajaandikwa. Wakati huo huo samaki hai walimfikia Klaus Kallman, pia wa New York, na kutoka kwake wakaenea kwa wafugaji wa samaki wa mapambo. Wafugaji, kwa kukosa jina, wakawaita samaki wa Endler.

Yaani samaki huyu alikuwa akiuzwa madukani Ulaya na Marekani, akizaa katika matangi ya watu wa mabara mawili, na bado kisayansi hana jina.

Kuandika spishi mpya kunataka nini

Wengi hudhani kuwa mtu akiona samaki asiyemjua, basi ameshagundua spishi. Sivyo. Kuona ni mwanzo tu. Ili jina likubalike, kazi hupitia hatua hizi.

Ya kwanza ni kukusanya sampuli za kutosha, madume na majike, wakubwa kwa wadogo, na kuandika mahali hasa walipotoka, tarehe na hali ya maji. Samaki asiye na anwani, kama yule wa kununuliwa dukani, ni sampuli dhaifu kwa sababu hakuna ajuaye alichanganywa na nani njiani.

Ya pili ni kupima na kuhesabu. Mtafiti hupima urefu wa mwili, kina chake na kipenyo cha jicho, akahesabu magamba ya ubavuni na vijiti vya kila pezi, na kwa samaki wanaozaa akachunguza gonopodio. Siku hizi huongezwa pia uchunguzi wa vinasaba.

Ya tatu ni kulinganisha. Hii ndiyo ndefu zaidi. Mtafiti lazima asome yote yaliyoandikwa juu ya jamaa wa samaki huyo, hata ya miaka 150 iliyopita, na ikibidi aende kuzitazama zile sampuli za kale katika majumba ya makumbusho. Asipofanya hivyo, anaweza kuwa De Filippi wa pili, akampa jina samaki ambaye tayari analo.

Ya nne ni kuchagua kielelezo. Katika sampuli zote huteuliwa samaki mmoja tu, aitwaye holotaipu. Jina hufungwa kwake daima. Sampuli wenzake waliotumika huitwa parataipu. Holotaipu huhifadhiwa katika kileo kwenye jumba la makumbusho, ili hata baada ya miaka 200 mtu mwenye shaka aweze kumfungulia chupa na kumwangalia.

Ya tano ni kutunga jina. Lina maneno mawili, kama alivyoanzisha Linnaeus, na kwa wanyama hesabu ya majina huanzia kitabu chake cha mwaka 1758. Neno la kwanza ni la jenasi, nalo huanza kwa herufi kubwa. La pili ni la spishi, nalo huandikwa kwa herufi ndogo hata likitokana na jina la mtu. Unaweza kumheshimu mwalimu wako, mahali au sifa ya samaki. Kanuni hazimkatazi mtu kujiita mwenyewe, lakini wataalamu huona ni utovu wa adabu.

Ya sita ni kuchapisha. Maelezo lazima yaseme wazi samaki huyu anatofautianaje na jamaa zake. Bila kuchapishwa, jina hata likitajwa na watu elfu si jina.

Mwaka 2005

Hatua hizi zilikamilishwa mwaka 2005 na Fred Poeser, Michael Kempkes na Isaäc Isbrücker, katika jarida la Contributions to Zoology. Samaki waliowaeleza walitoka eneo la rasi ya Paria, upande wa mashariki wa Cumaná. Wakamwita Poecilia wingei, kwa heshima ya Øjvind Winge, Mdenmark aliyefariki mwaka 1964. Winge alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuonyesha, kwa kutumia guppy, kwamba kuna sifa zinazotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume pekee, na makala yake maarufu yalitoka mwaka 1922. Kwa hiyo jina la samaki mdogo wa Venezuela likawa la bingwa wa jeni ambaye samaki wadogo walimpa elimu kubwa.

Tangu Bond hadi jina ni miaka 68. Tangu Endler ni 30.

Je, ni spishi kweli?

Nisiwafiche: si wataalamu wote walioridhika. Poecilia wingei akiwekwa pamoja na guppy wa kawaida huzaana, na watoto wao nao huzaa. Tulifundishwa shuleni kwamba spishi mbili hazizai kizazi chenye uzazi. Hapa somo lile linatikisika.

Mwaka 2004, mwaka mmoja kabla ya jina, Heather Alexander na Felix Breden walichapisha utafiti juu ya samaki wa Cumaná. Walikuta kwamba samaki hao na guppy huchaguana kwa kiasi: kila upande hupendelea wake, ingawa si kila mara. Vinasaba walivyovipima vilitofautiana kidogo tu. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hapa pengine tunaona spishi ikiwa njiani kuzaliwa.

Waandishi wa 2005 walitazama upande mwingine. Walisema kinachohesabika ni kinachotokea majini, si ndani ya tangi. Katika maeneo ambamo samaki hawa wawili hukaribiana, hawajayeyuka wakawa kitu kimoja, bali rangi na namna ya kuposa hutofautiana zaidi. Mimi nauona uzito wa hoja hii. Watu wanaoweza kuoana si lazima waoane.

Baadaye uchunguzi wa vinasaba uliongeza nguvu upande wao. Mwaka 2009 Susanne Schories, Manfred Meyer na Manfred Schartl walieleza spishi nyingine ya jamii hii, Poecilia obscura, kutoka mto Oropuche kisiwani Trinidad. Huyo kwa macho anafanana na guppy, na kilichomfichua hasa ni vinasaba. Mwaka 2013 Poeser akaongeza Poecilia kempkesi wa Suriname. Samaki aliyedhaniwa kwa zaidi ya miaka 100 kuwa mmoja anaelekea kuwa ukoo mzima.

Jina lina faida gani?

Kuna atakayeuliza: samaki wa sentimita mbili, asiyeliwa, akiwa na jina au asiwe nalo, kuna hasara gani?

Nijibu kwa mambo mawili. La kwanza, ziwa la Cumaná lilikuwa kando ya jaa la taka za mji. Serikali au shirika haliwezi kulinda kiumbe kisicho na jina. Sheria zote za uhifadhi na orodha zote za viumbe vilivyo hatarini huandikwa kwa majina. Samaki asiye na jina akiisha, hakuna aliyeisha.

La pili ni mchanganyiko. Kwa kuwa samaki hawa huzaana na guppy, wafugaji waliwachanganya kwa kutafuta rangi na mikia ya kuvutia. Leo wafugaji makini hugawa samaki wao kwa herufi tatu: N ni wale ambao ukoo wao unajulikana hadi ziwani, P ni wale wanaofanana nao kwa sura lakini ukoo haujulikani, na K ni chotara. Wale wa herufi ya kwanza ni wachache. Kama guppy angemwagwa katika maziwa ya asili ya Paria, herufi hizo zisingekuwa na maana tena hata huko.

Na huku kwetu

Hapo ndipo kisa kinapofika Pwani. Guppy wangu si mwenyeji. Yeye na jamaa yake Gambusia walisambazwa duniani kote na binadamu kwa ajili ya kupambana na mbu, na Kenya ni mojawapo ya nchi zilizoletewa. Ndani ya pipa hana madhara. Nje ya pipa ni mgeni mwenye uzazi wa haraka na tumbo lisilochagua: hula viluwiluwi, na hula pia vitoto vya samaki wengine.

Nasi tuna wenyeji wetu. Katika vidimbwi vya mvua vya ukanda huu, vile vinavyojaa wakati wa masika na kukauka kiangazi, wamo samaki wa jenasi Nothobranchius. Hawa hawazai, hutaga. Mayai hubaki kwenye tope, maji yakikauka wazazi wote hufa, na mvua ikirudi mayai huanguliwa. Wa Unguja, Nothobranchius guentheri, aliandikwa na Pfeffer mwaka 1893. Yule wa Kikambala, hapa Kilifi, aliandikwa na Wildekamp na Berkenkamp mwaka 1979, kwanza kama tawi tu la spishi nyingine ya pwani yetu, kabla ya kutambuliwa kuwa spishi kamili, Nothobranchius interruptus. Mwenzao wa Zimbabwe, Nothobranchius furzeri, aliyepewa jina mwaka 1971, leo anafugwa katika maabara za dunia kwa utafiti wa uzee kwa sababu maisha yake ni ya miezi michache. Kidimbwi cha matope kimetoa mwalimu wa madaktari.

Nakiri kosa langu. Miaka ya nyuma pipa lilipojaa kupita kiasi nilichota kopo la guppy nikawamwaga kwenye kidimbwi cha mvua karibu na shamba, nikidhani nafanya hisani. Sikutazama kwanza nani alikuwa akiishi mle. Kidimbwi kile sasa kimefukiwa, na juu yake pana ukuta wa nyumba.

Kwa hiyo ndugu msomaji, nina maombi matatu. Ukifuga guppy kwa ajili ya mbu, wabaki ndani ya pipa au tangi, wasimwagwe mtoni wala kidimbwini. Ukiwa na kidimbwi cha msimu shambani mwako, chungulia kabla hujakifukia. Na ukiona humo samaki mdogo mwenye rangi usiyoizoea, mpige picha, andika mahali na tarehe, kisha uwape habari watu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ambao wana idara ya samaki. Huenda ikawa ni yule anayejulikana, huenda si yeye.

Mtoto wa jirani nilimpa jibu lake: guppy aliitwa na Peters, mwaka 1859. Akafikiri kidogo, akauliza kama kidimbwi cha nyuma ya madrasa nacho kina samaki wasio na jina. Nikamwambia masika ikija tutakwenda kutazama pamoja, na kopo tutakalobeba litakuwa tupu.